Jina la mwanangu lilikosewa herufi moja kwa sababu sikusoma tangazo la shule. Wazazi, nyie mnaziwezaje hizi karatasi?

MamaCherehani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Mwenye mtoto darasa la nne au la saba asome mpaka mwisho.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Tabata, Dar. Nina watoto watatu. Binti mkubwa yuko la saba, wa kati yuko la tatu, wote shule ya serikali. Mdogo yuko awali kwenye shule ya binafsi iliyo karibu na kibanda changu cha kazi. Baba yao anaendesha lori la Tunduma, mpakani na Zambia, kwa hiyo siku nyingi za mwezi mambo ya shule yananiangukia mimi.

Mwezi wa tatu mwalimu wa darasa la saba alinipigia niende kuhakiki jina la binti kabla ya usajili wa mtihani wa taifa. Nikabeba cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha ya kaki, nikaenda nikiwa na amani kabisa. Mwalimu akaweka rula chini ya mstari wa jina ili macho yasinipotee kwenye orodha, nikasoma. Jina lake liko sawa. La baba liko sawa. La babu halina H, na kwenye cheti H ipo. Namba yake ya PReM, ile inayomfuata mtoto popote anapohamia, imebeba jina lisilo na H tangu darasa la nne.

Mwalimu akaniambia kwa upole, "Mama, alipokuwa la nne tulituma orodha kwenye kundi, wazazi wahakiki." Nilitaka kubisha. Nikajizuia. Usiku watoto walipolala nikaanza kupekua kundi la WhatsApp kurudi nyuma mpaka 2022, na tangazo nikalikuta. Ni picha mbili za orodha zilizopigwa kwenye mwanga hafifu, saa 3:40 usiku, chini yake maneno machache: hakikini majina, mwisho Ijumaa. Juu yake kuna mzazi anauza sabuni ya maji. Chini yake kuna taarifa ya msiba wa mzazi mwenzetu, na pole zimefuatana sitini na kitu. Moja ya hizo pole ni yangu. Yaani usiku ule ule nilikuwa humo kundini, nimeshika simu, nimeandika pole, nimelipita jina la mwanangu.

Kuna atakayesema herufi moja si kitu. Mdogo wangu alipoomba mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa kilitakiwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na jina la humo halikufanana na la cheti cha kidato cha nne. Alizunguka kwa wakili kula kiapo, akalipa, na siku za kuomba zinakwisha. Mimi nimepata bahati kwa kuwa dirisha la usajili lilikuwa bado wazi. Shule imerekebisha baada ya kopi za cheti, barua yangu ya mkono na safari tatu, na kila safari ni nusu siku cherehani imelala.

Niliporudi safari ya mwisho nikamwaga mabegi yote matatu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nilitoa barua ya kikao cha wazazi kilichokwisha kupita, ratiba ya mitihani ya Jumamosi na mchango wake, karatasi ya kuleta fagio la chelewa na nusu rimu, na ripoti iliyotakiwa kurudi na sahihi ikiwa imekunjwa mara nne. Kwenye begi la wa la tatu nikakuta karatasi ya dawa za kichocho na minyoo. Imeandikwa wazi kwamba mtoto ale ashibe kabla ya kwenda shule siku hiyo. Nikakaa chini. Siku hiyo mwanangu aliondoka na chai kavu, akarudi anatapika, na mimi nikamgombeza kwamba amekula mihogo ya barabarani.

Ya chanjo pia ilikuwemo, ile ya Aprili 2024 ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Binti alichanjwa, namshukuru Mungu, lakini mimi nilijua kwa jirani.

Na huyu wa awali ana dayari ya kusainiwa kila usiku, kundi la darasa, kundi la shule nzima na kundi la basi. Jumla nimo kwenye makundi sita. Sijazuia hata moja, nimeyanyamazisha tu, na hapo ndipo nilipoumia.

Sasa nisikilizeni. Kibandani kwangu kila nguo ya mteja ina kikaratasi nimekipachika kwa pini: jina, simu, siku ya kuja kuchukua. Miaka tisa sijapoteza nguo ya mtu. Usiku ule nilijiuliza inakuwaje gauni la mteja haliwezi kupotea lakini karatasi ya mwanangu inapotea nyumba hii hii. Jibu ni kwamba gauni nimelipatia tarehe, karatasi sijaipatia. Naisoma, nasema "sawa", naiweka juu ya friji.

Kwa hiyo nimefunga kamba ukutani karibu na mlango, na vibanio vya nguo. Begi linafunguliwa kabla ya chakula cha usiku, mtoto mwenyewe ndiye anayetoa karatasi na kunisomea kwa sauti, hata wa la tatu. Akimaliza namuuliza swali moja tu: mwisho lini? Tarehe inaandikwa juu kwa kalamu nyekundu, karatasi inabanwa kwenye kamba, zinazokaribia zinakaa upande wa mlango. Isiyo na tarehe ya mwisho naisaini palepale, inarudi begini. Nimenunua pia kauntabuku moja: kila mtoto ana kurasa zake, na kwenye jalada la ndani nimenakili majina kama yalivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa, namba ya PReM. Cheti chenyewe hakitoki tena kwenye sanduku, zinatoka kopi. Nilitoa kumi kwa mpigo pale steshenari.

Makundi nimemkabidhi baba yao. Foleni ya mpakani inaweza kumweka siku mbili au tatu, simu iko mkononi. Yeye anasoma makundi, yenye maana ananitumia, mimi naandika kwenye kauntabuku. Mwanzoni alisema mambo ya shule ni ya mama. Nilimtumia ile picha ya orodha ya 2022 na ile pole yangu. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake aliniomba namba ya mwalimu wa darasa.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Na walimu mliomo humu, semeni ukweli, sisi wazazi tunawakwaza wapi?

---

Chaki Nyeupe

Dada, pole na hongera. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko mkoani. Darasani kwangu kuna watoto 118. Kundi la WhatsApp lina namba 71. Wengine wana simu ya kitochi isiyo na WhatsApp, wengine simu imeharibika, wengine mtoto analelewa na bibi asiyejua kusoma. Ninachofanya ni kuandika tangazo ubaoni, watoto wananakili kwenye daftari la nyuma. Mtoto akiruka mstari, tangazo limekufa.

Mnatuuliza mbona hatutoi karatasi kwa kila jambo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa msingi ilipangwa sh 10,000 kwa mtoto kwa mwaka. 4,000 inabaki kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inayofika shuleni. Humo kuna chaki, mitihani na matengenezo madogo. Kopi moja steshenari ya hapa ni sh 50. Watoto 118 ni sh 5,900. Tangazo moja la karatasi kwa darasa langu linakaribia kumaliza fungu la mtoto mmoja la mwaka mzima. Ndiyo maana natuma picha usiku, kwa bando langu, nikishamaliza kusahihisha. Saa 3:40 ya kwako naijua sana.

Mnapotukwaza ni hapa. Ujumbe unakuja: "Mwalimu habari, mwanangu leo hatakuja, anaumwa." Namba siijui, jina la mtoto hakuna. Wengine wanaandika "mama Amina", na mimi nina Amina wanne. Michango ya uji nayo, mzazi anatuma kwa simu ya shemeji, jina linalotokea silitambui, halafu baada ya wiki mbili ananiuliza kwa ukali kwa nini mtoto hayumo kwenye orodha. Naomba, kila ujumbe uanze na majina matatu ya mtoto na darasa lake. Ukishatuma pesa, andika umemlipia nani. Hilo tu lingeniondolea nusu ya simu za usiku.

---

Baba wa Nyegezi

Dada umeongea vizuri, ila kuna jambo umelipita haraka. Si kila karatasi inayotoka shuleni ni ya kutii. Kamba yako ukutani inaipa tarehe karatasi ya mchango sawasawa na karatasi ya uhakiki wa jina. Mimi nazitenganisha.

Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 umetaja yanayomhusu mzazi: sare, vifaa vya kuandikia, chakula, matibabu, nauli. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango kwenye shule za serikali, na akasema anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mimi karatasi ya mchango ikija naangalia mambo mawili: kikao gani kilikubali, na je, imeandikwa hiari au lazima. Kama hakuna kikao, naenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kwa adabu, namuuliza. Mwaka jana mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sh 2,000 ya mlinzi. Nilimshika mkono nikamrudisha darasani siku hiyo hiyo, nikazungumza na mwalimu mkuu faragha. Hakurudishwa tena.

Wazazi tunaogopa kuuliza kwa sababu tunadhani mtoto atawekewa alama nyekundu.

---

MamaCherehani

Kaka, nimekuelewa, na nimekosea kulifupisha. Ila nina angalizo. Mtaani kwetu uji wa saa nne ulianza kwa kikao, tulinyoosha mikono, mimi nikiwemo. Wazazi wasiokuja kikaoni ndio waliosema baadaye ni mchango haramu. Na hawakuja kwa sababu barua ya kikao ilibaki begini, kama ilivyobaki ya kwangu. Kwa hiyo hata haki ya kukataa inaanzia kwenye ile karatasi ya kikao. Nimeamua barua ya kikao ikae kwenye kibanio cha kwanza kabisa.

Mwalimu Chaki, hilo la Amina wanne limenigusa. Mimi mwenyewe huwa najiandika "mama yake mdogo wa awali". Nimeona aibu.

---

Bi. Likoni

Mie niko Mombasa. Huku kwetu mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kote nchini 2019, simu ya mzazi imekuwa daftari la pili. Mwalimu huandika usiku, kesho mtoto aje na picha za wanyama wa porini zilizochapishwa, na saiba zishafungwa. Nishawahi kuvuka feri alfajiri kutafuta mahali pa kuchapisha kabla kengele haijalia.

Tulilotatua ni hili: wazazi sita wa mtaa mmoja tumeungana. Mmoja akienda saiba huchapisha za watoto wote sita, wengine wamrudishia pesa. Na cheti cha kuzaliwa huku ndicho mlango, kwani kwenye NEMIS, mfumo wa serikali uliokuwa ukisajili wanafunzi, bila namba yake mtoto hakusajilika, na asiposajiliwa shule haikupata fungu lake. Dada wa Tabata, lile wazo la kunakili majina kwenye jalada la ndani nalichukua.

---

Mama wa Uvira

Salamu kwenu wote. Mimi ni Mkongomani wa Kivu, tuko hapa Marekani na watoto wane tangu 2016. Nasoma hii uzi na machozi yananitoka, maana nyinyi mnapata karatasi kwa luga yenu.

Mwaka wetu wa kwanza kila Ijumaa mtoto alikuja na folda imejaa Kiingereza. Mimi nilitia sahihi tu pahali palipo mstari, ili mtoto asipate shida. Moja ya zile karatasi ilikuwa ya kukubali mwanangu atolewe kwenye masomo ya kusaidiwa Kiingereza. Nilikubali bila kujua. Alikaa miezi saba darasani anyamaze. Mwalimu alifikiri ni mtoto mpole.

Mama mmoja wa kanisa ndiye aliyenifungua macho. Hapa shule inayopokea pesa ya serikali kuu inafungwa na Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya kupewa habari za mtoto kwa luga anayoisikia. Nilienda ofisini, nikasema maneno mawili niliyokariri: "Swahili interpreter." Wakapiga simu, mtu akaanza kusema nami Kiswahili kwenye spika, bila malipo. Sasa sitii sahihi kitu chochote kabla sijasomewa, na simpi mtoto wangu anitafsirie mambo yake mwenyewe. Kama kuna mzazi wetu huku ughaibuni anasoma hapa, aende aombe. Ile karatasi ya kwanza niliibatilisha kwa kuandika ingine, na mtoto alirudishwa kwenye masomo yake.

---

MamaCherehani

Mama wa Uvira, pole sana mama yangu, na asante kwa kutufungulia. Miezi saba mtoto amenyamaza. Nimeisoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu kwenye simu.

---

MamaCherehani (mrejesho, wiki tatu baadaye)

Wanajamvi, nimerudi na mrejesho.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi. Niliomba nafasi kwenye mengineyo, nikasimama na ile picha ya orodha ya 2022 nimeichapisha. Sikumlaumu mwalimu yeyote, maana kosa lilikuwa langu. Nilieleza ya H, nikaeleza ya dawa za kichocho. Nilipofika kwenye kutapika kwa mtoto, mama mmoja nyuma akasema, "Na wangu." Halafu mwingine, na mwingine.

Tumekubaliana mambo machache. Kundi la darasa sasa ni mawili. Kwenye la matangazo wanaandika mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu peke yao, sisi wengine tumefungiwa kuandika. La pili ndilo la pole, hongera, sabuni na maswali. Tangazo linaanza na tarehe ya mwisho, maelezo yanafuata. Mambo ya majina, chanjo na dawa hayatatumwa kwa picha tu. Mtoto ataandikiwa daftarini na mzazi atasaini. Mwalimu alikubali haraka, akasema bora asaini mzazi kuliko yeye kupigiwa simu sitini.

Kuhusu wasio na simu za kugusa, ubishi ulikuwa mkubwa. Kuna aliyesema wanunue. Akasimama mzee mmoja anayelea wajukuu wawili, akatoa kitochi chake mfukoni kimefungwa raba, akauliza kwa sauti ya chini hicho kinunuliwe kwa fedha ya mchele au ya mafuta ya taa. Ukumbi ukatulia. Mwisho tukagawana: kila mzazi mwenye simu kubwa na nafasi atawapigia wawili au watatu wasio nayo, likitoka tangazo. Walijitolea kumi na wanne. Nimepewa bibi wawili wa mtaa wa nyuma yetu.

Kaka wa Nyegezi, hoja yako nayo niliifikisha. Tumeomba kila barua ya mchango itaje kikao kilichopitisha na tarehe yake. Mwenyekiti wa kamati ameandika kwenye muhtasari. Nitaona kama itafanyika.

Nyumbani kamba bado ipo. Si kila kitu kimenyooka. Wiki jana dayari ya mdogo imerudi na maandishi mekundu kwamba sijasaini siku mbili, na ni kweli, nilikuwa na sare za harusi za kumaliza. Sasa binti mkubwa amejipa kazi ya kuniwekea dayari juu ya cherehani, siwezi kuanza kushona mpaka niitoe.

Juzi usiku likatoka tangazo la kwanza kwenye kundi jipya: picha mbili za paspoti saizi kwa darasa la tatu, mwisho Jumatano. Nikampigia bibi wa kwanza. Akaniambia nirudie siku, nikarudia, nikasikia anamwita mjukuu aandike mlangoni kwa chaki. Kisha akaniuliza nyuma ya picha iwe rangi gani, maana mara ya mwisho mtoto alirudishwa kwa kuwa ilitakiwa bluu na yeye alipiga nyeupe, fedha ikapotea. Tangazo halikusema. Nimemwandikia mwalimu, majina matatu ya mtoto na darasa juu kabisa, nasubiri jibu. Likija nampigia bibi hata kama ni saa nne.